Maneno ya Fahari na Maneno ya Kazi: Msamiati wa Kiingereza katika Shule za Kitale na Bungoma

Maneno magumu ya Kiingereza yana heshima kubwa katika shule za Kitale na Bungoma. Wanafunzi wa sekondari huyakusanya katika vijidaftari, huyanakili kutoka kwenye kamusi na magazeti, huenda nayo kwenye midahalo, kisha huyapachika katika insha wakitumaini kwamba mtahini atavutiwa. Bidii hiyo ni ya kweli na inastahili kuheshimiwa, kwa kuwa nchini Kenya Kiingereza ndicho mlango wa chuo kikuu, wa ajira serikalini na wa karibu kila karatasi yenye muhuri. Linalofaa kuulizwa ni kama bidii hiyo inaelekezwa panapostahili. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa sehemu kubwa haielekezwi. Kinachomwangusha mwanafunzi wa eneo hili ni uhaba wa msamiati wa kati, yaani maneno ya kufikiria, kupima na kuunganisha hoja, ambayo masikioni hayana fahari yoyote. Tena njia fupi ya kuyafikia hupitia lugha ambazo mwanafunzi tayari anazo, Kiswahili na lugha ya nyumbani, zile zile ambazo shule nyingi humfunza kuziona kuwa kizuizi.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Mwaka wa 1953 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bara Hindi, alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba maneno hayo hufikia takriban asilimia 80 ya maneno yote katika maandishi ya kawaida. Asilimia 80 inasikika kuwa nyingi, lakini msomaji aliyefika hapo hukwama mara mbili katika kila maneno kumi, na mara nyingi hayo mawili ndiyo yenye habari. Mwaka wa 2006 Paul Nation, mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria kwamba mtu anayetaka kusoma riwaya au gazeti bila kusaidiwa, huku akiyajua maneno 98 katika kila 100, anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni shina pamoja na matawi yake, kama vile “evaluate”, “evaluation” na “evaluative”. Mtu akiitazama tarakimu hiyo peke yake anaweza kukata tamaa. Ila Averil Coxhead, pia wa New Zealand, alionyesha mwaka wa 2000 kwamba njia ya kati haina utitiri wa maneno. Alipochambua maandishi ya vyuo vikuu katika sheria, sayansi, biashara na sanaa, alipata familia 570 tu zilizo nje ya maneno ya msingi ambazo hujirudia katika nyanja zote hizo na kufikia karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Humo mna “assume”, “derive”, “constitute”, “significant”, “whereas” na “justify”. Maneno kama “gargantuan” na “perspicacious”, ambayo wanafunzi huyaita ya “bombastic”, hayamo, kwa sababu msomaji anaweza kumaliza vitabu vingi vya masomo bila kukutana nayo hata mara moja.

Mtihani wa KCSE, wa mwisho wa sekondari, unathibitisha mgawanyo huo. Somo la Kiingereza lina karatasi tatu zenye alama 60, 80 na 60. Swali linalouliza moja kwa moja maana ya maneno katika kifungu cha ufahamu huleta alama chache tu. Zoezi la kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza, lenye alama 10, kwa kawaida hudai viunganishi, vihusishi na maneno yanayoendana na wenzake, wala halina nafasi ya neno la kujionyesha. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ukiondoa Kiswahili na lugha chache nyingine, mtahiniwa hufanya masomo yake yote kwa Kiingereza. Hapo vitenzi vya swali ndivyo vinavyoamua alama. Swali la Historia linalosema “state” linataka hoja itajwe tu. Likisema “explain” linataka hoja pamoja na ufafanuzi wake, na alama hugawanywa hivyo. Swali la Baiolojia likisema “account for” linadai sababu, lakini mwanafunzi aliyezoea neno “account” la benki anaweza kuandika maelezo ya jambo lilivyotokea bila kusema kwa nini lilitokea. Katika insha ya fasihi, “illustrations” ni ushahidi kutoka kitabuni, ingawa darasani mtoto amelijua neno hilo likiwa na maana ya michoro. Mwanafunzi wa namna hii huonekana hajui Historia au Baiolojia, na pengine yeye mwenyewe huamini hivyo, ilhali alichokosa ni neno moja la kazi.

Mfano huo unafichua jambo ambalo vijidaftari vya maneno magumu hulikosa kabisa: ugumu wa neno haupimwi kwa urefu wake. Sehemu kubwa ya msamiati wa juu wa Kiingereza ni maneno mafupi yanayojulikana na kila mtu, ila yakiingia katika taaluma huvaa maana nyingine. Ukweli huu una uzito wa pekee Trans Nzoia na Bungoma, ambako ardhi ndiyo mali na ndiyo kesi. Mashamba ya walowezi yaliyogawanywa na kununuliwa baada ya uhuru yameacha karatasi nyingi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi hukaa Kitale na Bungoma pia. Katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, “charge” ni kuiweka ardhi rehani kwa ajili ya deni, na “caution” ni zuio linalosajiliwa ili ardhi isiuzwe wala kuhamishwa bila aliyeliweka kuarifiwa. Katika mkataba wa mauzo, “consideration” ni malipo yanayotolewa ili mapatano yawe na nguvu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, “consent” ni kibali cha bodi, na mauzo ya shamba la kilimo yasiyo na kibali hicho yana hatari ya kubatilika. Hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angelinakili kama neno gumu. Hata hivyo, familia inaweza kupoteza shamba kwa sababu aliyesoma barua alidhani “charge” ni ada na “caution” ni onyo la maneno matupu. Anayetaka kupima kama shule imefunza msamiati wa juu angeanza na maneno ya aina hii.

Kwa nini basi maneno haya huteleza? Sababu ya kwanza iko katika njia anayopitishwa mtoto kielimu. Tangu Tume ya Gachathi ya 1976 sera ya Kenya imesema kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa 2017 umeendeleza msimamo huo. Kwa mujibu wa sera hiyo, mtoto wa kijiji cha Bungoma angeanza kwa Lubukusu, wa mlima Elgon kwa Kisabaot, na wa mjini Kitale, ambako Wabukusu, Wapokot, Wanandi, Wakikuyu, Waturkana na Wakisii ni majirani, kwa Kiswahili. Kutoka darasa la nne Kiingereza hushika masomo yote isipokuwa lugha nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi huanza kukutana na dhana nzito za sayansi, jamii na hisabati pale pale lugha inapogeuka. Anapewa jambo jipya na jina jipya kwa mpigo, na neno lililomwingia akiwa hana dhana yake hubaki sauti ya kukariri. Shule nyingi, hasa za binafsi, huanza Kiingereza mapema zaidi zikidhani zinaziba pengo hilo. Lakini mtoto anayeimba “photosynthesis” bila kujua mmea hula nini hajasogea mbele ya mwenzake asiyelijua neno. Amejifunza tu kuficha kwamba hajui.

Sababu ya pili ni kwamba shule huziweka lugha za mwanafunzi kwenye vyumba visivyo na mlango kati yao. Mtahiniwa huyo huyo anayekwama kwenye “evaluate” hukaa siku nyingine kufanya karatasi ya Kiswahili, akaambiwa atathmini, afafanue, ajadili, athibitishe, alinganishe na kutofautisha. Anazitenda kazi hizo zote kwa Kiswahili, tena kwa kiwango cha juu, kwa kuwa tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka wa 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Karatasi za lugha zote mbili humtaka afupishe kifungu, atofautishe hoja kuu na mifano yake, na ang'amue msimamo wa mwandishi ambao haukutajwa wazi. Yaani dhana ya “infer” anayo, na jina lake la Kiswahili analo. Hajaambiwa tu kwamba mwalimu wa Kiingereza anazungumzia jambo lile lile. Dakika chache za walimu wawili wakikaa pamoja na kupanga vitenzi vya maswali bega kwa bega zingempa mwanafunzi mengi kuliko muhula mzima wa kukariri maneno adimu.

Kiswahili na Lubukusu humpa mwanafunzi zawadi nyingine ambayo haitumiwi, nayo ni mazoea ya kuona neno likiundwa. Katika somo la Kiswahili mwanafunzi hufunzwa uambishaji na mnyambuliko hadi aweze kulivunja neno “wasiofundishika” vipande vipande na kueleza kazi ya kila kipande: nafsi, ukanushi, urejeshi, mzizi na kauli. Maneno mengi ya kitaaluma ya Kiingereza, yaliyotoka Kilatini na Kigiriki, yanavunjika kwa namna ya karibu. “Irreversible” ina ukanushi mbele, mzizi wenye maana ya kugeuza, na mwisho unaosema jambo linawezekana. Kiswahili husema “isiyogeuzika” na kubeba mawazo hayo hayo matatu ndani ya neno moja. Mtu aliyekulia katika lugha ya Kibantu ana jicho la kazi hii tangu utotoni. Akifunzwa vipande vichache vinavyojirudia, kama vile “sub-”, “inter-”, “-ible”, “-logy” na “bio-”, ataweza kuyakisia mamia ya maneno ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kumpa. Ni kweli kwamba makisio ya aina hii hupotosha wakati mwingine, kwa kuwa Kiingereza kina maneno ambayo maana yake imehama mbali na mizizi. Kwa sababu hiyo kisio lazima lipimwe na sentensi ambamo neno limetumika. Lakini kisio lenye msingi ni mwanzo bora kuliko kulikodolea macho neno geni.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba dhana hutangulia neno uko mashambani. Kitale ndipo utafiti wa mahindi chotara ya nyanda za juu za Kenya ulipozaa matunda: mwaka wa 1964 ilitolewa mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kukutanisha aina za Kitale Synthetic II na Ecuador 573, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mjini humo 1956, ikaisambaza pamoja na nyingine zilizofuata. Tangu hapo wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wameishi na elimu ya jenetiki hata pale walipokosa vitabu vyake. Mkulima anajua kwamba akichukua punje za mavuno ya haibridi akazipanda tena msimu ujao, mahindi hayatakuwa sawa kwa kimo wala kwa mazao. Anajua mbolea ya kupandia ina kazi tofauti na ya kukuzia. Anajua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yatakataliwa na Bodi ya Nafaka na Mazao, na kwamba yakihifadhiwa mabichi yatashika sumukuvu. Mtoto wa mkulima huyo hukaa darasani akakariri “hybrid vigour” na “moisture content” kana kwamba ni mambo ya nchi ya mbali. Mwalimu akianza na swali la kwa nini nyumbani hununua mbegu mpya kila mwaka, darasa litaeleza jambo lenyewe kwa Kiswahili au Lubukusu, na neno la Kiingereza likija litapata pa kukaa. Kulijifunza hapo ni kazi ya dakika, kwa sababu kilichobaki kufunzwa ni jina tu.

Wako watakaosema kwamba orodha zimesaidia wengi kufaulu, na hoja hii ina ukweli usiopaswa kufichwa. Nation mwenyewe, aliyetoa makadirio ya familia 8,000 na zaidi, amesisitiza kwamba kujifunza maneno kwa makusudi, kwa kadi zenye neno upande mmoja na maana upande wa pili, ni njia yenye tija, na kwamba maana hiyo inaweza kuandikwa kwa lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus yaliyochapishwa Ujerumani mwaka wa 1885, imejulikana pia kwamba kumbukumbu hudumu zaidi jambo likirudiwa kwa vipindi vilivyotengana kuliko likirudiwa mara nyingi usiku mmoja. Kwa hiyo kasoro haiko katika orodha. Iko katika maneno yanayowekwa humo na katika namna yanavyorudiwa. Orodha yenye familia za kitaaluma, kila moja ikiwa na maana ya Kiswahili, sentensi iliyotoka katika kitabu cha somo na sentensi ya mwanafunzi mwenyewe, ikarudiwa kesho, wiki ijayo na mwezi ujao, itajenga. Orodha ya maneno adimu yenye visawe vya Kiingereza vilivyo vigumu sawasawa na maneno yenyewe, ikakaririwa wiki ya mtihani, huyeyuka. Tena huacha madhara, kwa sababu mwanafunzi aliyefunzwa kwamba “commence” ni “start” na “utilise” ni “use” huanza kuona mapambo kama maendeleo, akaacha neno sahihi analolijua na kushika lile asiloweza kulithibitisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa wazazi: kwamba kumpa mwanafunzi nafasi ya Kiswahili au Lubukusu ndani ya somo la Kiingereza kutamlegeza, na kwamba nidhamu ya Kiingereza pekee ndiyo iliyowatoa waliofanikiwa. Fikra hii ina historia ndefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuikomboa akili, alieleza jinsi watoto wa enzi yake walivyovishwa kibao cha aibu kwa kusema lugha ya mama, na kawaida ya namna hiyo haikukoma na ukoloni. Bahati ni kwamba Bungoma ina ushahidi wake yenyewe. Katika 2013 na 2014 mpango wa kusoma na hesabu uitwao PRIMR ulijaribu kufundisha kusoma kwa lugha ya mama katika kaunti mbili, Bungoma kwa Lubukusu na Machakos kwa Kikamba, na wachunguzi wakawalinganisha wanafunzi hao na wenzao waliofuata mpango uo huo bila lugha ya mama. Waliotumia lugha ya mama waliisoma vizuri zaidi lugha hiyo. Katika Kiingereza na Kiswahili hawakuwapita wenzao, na katika hesabu walipata matokeo ya chini kidogo. Matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa uaminifu pande zote. Hayaungi mkono ahadi kwamba lugha ya mama peke yake itainua masomo mengine. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba matumizi yake nje ya kipindi cha kusoma yaliongezeka kidogo tu. Lakini hayaungi mkono pia hofu kwamba Kiingereza kitaporomoka, kwa kuwa hakikuporomoka. Tena yalihusu watoto wadogo wanaoanza kusoma. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayetafuta maana ya neno la kitaaluma, linalopendekezwa ni dogo na mahususi zaidi: sentensi moja au mbili za lugha anayoifahamu ili dhana ieleweke, kisha kazi iendelee kwa Kiingereza.

Pingamizi la tatu linahusu heshima. Eneo hili limetoa wasemaji ambao Kiingereza chao kilisifiwa nchi nzima, na vijana wanataka kuwafuata. Masinde Muliro, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cape Town, na Michael Wamalwa Kijana, aliyesomea sheria Cambridge, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwa Makamu wa Rais mwaka wa 2003, wamebaki vielelezo vya ufasaha. Hakuna sababu ya kuwakataza vijana kutamani ufasaha huo. Ila ni vyema kutazama ulitoka wapi. Wote wawili walikuwa wasomaji wa miaka mingi, na maneno yao yalikuja yakiwa yameshikamana na elimu waliyokuwa nayo kuhusu sheria, historia na siasa. Utamaduni wa Wabukusu nao una kipimo chake cha msemaji. Katika khuswala kumuse, hotuba ya kiibada inayotolewa anapofariki mzee mwenye hadhi, msemaji huheshimiwa kwa kuijua historia ya koo, kwa kuonya bila woga na kwa kuwapatanisha waliobaki. Maneno mazito yasiyo na elimu hiyo yasingemfaa mbele ya wazee. Yuko pia Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia na kufariki mwaka wa 2020. Aliandika Siku Njema kwa Kiswahili mwaka wa 1996, kisha akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Ohio State na kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin. Maisha yake yanapinga wazo kwamba mtu lazima apunguze lugha moja ili aongeze nyingine. Aliyezama katika lugha moja anajua jinsi ya kuzama katika ya pili.

Linabaki pingamizi la uwezo: vitabu ni vichache, madarasa yamejaa, na kusoma kwingi hakuwezekani. Hili ni kweli kwa shule nyingi za mashinani. Hata hivyo, sehemu ya rasilimali ipo na inapotezwa. Kila mwanafunzi wa sekondari hulazimika kusoma vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa, lakini wengi hupitia mwongozo wenye muhtasari na kuacha kitabu chenyewe, hivyo hupoteza fursa ya kukutana na neno lile lile mara nyingi katika hali tofauti, ambayo ndiyo shule halisi ya msamiati. Vitabu vya Jiografia, Biashara na Kilimo ni vya kusoma Kiingereza pia, endapo mwalimu wa somo atakubali kwamba maneno ya somo lake ni jukumu lake. Gazeti la Kiingereza na Taifa Leo la siku moja, hata likiwa la wiki iliyopita, huweka habari moja katika lugha mbili, na mwanafunzi anaweza kuona “allegation” ikikutana na “madai” bila kufungua kamusi. Kikwazo kisichohitaji fedha hata kidogo ni kicheko. Mtoto anayeshrabu, yaani anayetamka Kiingereza kwa lafudhi ya nyumbani, huchekwa darasani, naye hujifunza kutumia maneno machache tu aliyo na uhakika nayo. Neno lisilotumiwa hufa. Shule inayotaka msamiati upanuke haina budi kulinda haki ya kulikosea neno jipya.

Mapendekezo yanayofuata kutokana na haya yote hayasubiri sera mpya kutoka Nairobi. Idara za lugha zinaweza kupanga vitenzi vya mitihani vya Kiingereza na Kiswahili pamoja katika karatasi moja na kuibandika kila darasa. Kila mwalimu wa somo anaweza kuchagua maneno machache ya kazi kwa kila mada, aanze na dhana katika lugha inayoeleweka, kisha ayarudie kwa vipindi. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka wa 2015 na kilicho katikati ya wasemaji wa Lubukusu, kinaweza kuandaa faharasa za lugha tatu kwa ajili ya kilimo, ardhi, afya na sayansi. Vyama vya midahalo vinaweza kumpa alama aliyetumia neno kwa usahihi na kumwuliza maana yule aliyelitumia kwa kishindo. Mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 unatarajiwa kufikia mwisho wake mwaka wa 2027, na walimu wa sekondari ya juu wanajenga mazoea mapya kuanzia sasa. Huu ndio wakati wa kuyajenga vizuri. Kijana wa Kitale au Bungoma anastahili Kiingereza kitakachomwezesha kusoma mkataba wa shamba la baba yake, kupinga takwimu ya uongo, kuelewa maelezo ya daktari na kuandika hoja isiyoweza kupuuzwa. Kiingereza hicho kinajengwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyaeleza kwa lugha yake mwenyewe. Neno asiloweza kulieleza hivyo bado si lake, hata akilitamka vizuri kiasi gani.